Piko Chini ya Saa

Jumapili asubuhi wanapita watu wa jogging hapa mtaani kwetu Tandika, fulana za rangi moja, filimbi mbele, na siku hizi karibu kila mmoja amefunga saa nyeusi ya mpira mkononi. Wakifika usawa wa baraza langu wanasimama kuvuta pumzi, halafu wanainua mikono na kuonyeshana nani kamzidi nani. Mie niko na cherehani yangu, nawasonya. Juzi mteja wangu mmoja, dada mnene mwenye roho nzuri, akaniuliza kama na yeye anunue, maana amesikia sie tuliwahi kuwa nayo nyumbani. Nikamwambia nunua tu dada, saa nzuri ile. Inahesabu hatua, inapima moyo, asubuhi inakuambia umelalaje. Ila usije ukamvalisha mama yako. Akacheka sana, akidhani namtania, akaniachia gauni lake nilipunguze kiuno.

Ya kwetu aliileta kaka. Tulizaliwa wawili tu, yeye mkubwa, mie nikamfuatia. Wazazi wetu ni watu wa Kusini. Baba alikuja Dar kubeba mizigo bandarini, akajenga hapa vyumba vitatu na ua mdogo, halafu akafa. Kaka alisoma, akapata kazi ya ofisini kwenye kiyoyozi mjini, akaoa, akahamia Mbezi Beach. Mie nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwa mama na cherehani yangu kichwani. Basi kaka akawa mtoto wa kusifiwa, mie nikawa mtoto wa kutumwa.

Na kaka hakuwa mtu wa kuja. Idi alikuja, akakaa kwenye ncha ya kochi na ufunguo wa gari mkononi, akanywa soda nusu, akaondoka. Sikukuu zikiisha ndo basi mpaka sikukuu nyingine. Mama aliishi kwa kumsubiri. Kila Ijumaa alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, anapakua sahani moja pembeni, anaifunika kawa, anasema, "Huenda baba akapita leo akitoka msikitini." Baba ndo huyo kaka, ndivyo alivyokuwa akimwita. Baba hapiti. Jumamosi asubuhi sahani ile napewa mie na chai. Nimekula viporo vya kaka yangu miaka na miaka, na mpaka leo samaki wa kupaka sili.

Siku aliyoleta saa ilikuwa Idi pia. Alipiga goti mbele ya mama, akamfunga mwenyewe mkono wa kushoto, akamwambia, "Mama, hii usiivue hata ukioga, haiingii maji. Mie kule niliko nakuona kwenye simu yangu." Kisha akaweka simu yake moja ya zamani juu ya kabati, kwenye chaji, akanitolea macho mie. "Hii asiiguse mtu. Ndo inayopeleka habari za saa kwangu." Akanywa soda nusu, akaondoka.

Katika maneno yote yale mama alisikia moja tu, nakuona. Akatangaza mtaa mzima. Dukani, kisimani, kwa muuza mkaa, "Mwanangu ananiona." Wiki nzima ile alivaa nguo za kutokea hata akiwa peke yake ndani, na akienda chooni anaizungushia saa ncha ya kanga ili mwanawe asione yasiyopaswa kuonwa. Mie nikakaa nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikamweleza kwamba mle hamna kamera. Mama akaitazama ile saa kama mtu aliyeuziwa kanga ya upande mmoja.

"Sasa kama haoni uso wangu, anaona nini?"

"Anaona moyo wako unavyopiga na miguu yako inavyotembea."

Akafikiri. "Si haba," akasema.

Saa ile ilikuwa na lengo la hatua za siku, kaka ndiye aliyelipanga. Ukilifikisha, inatetemeka na kwenye kioo zinaruka fataki za rangi, na simu ya kabatini inapiga wimbo kidogo. Mara ya kwanza mama alishtuka, akaniuliza kuna harusi gani humu ndani. Hatujakaa sawa, kitochi chake, kisimu cha vibonyezo, kikalia. Kaka. "Hongera mama! Leo umefikisha! Hivyo hivyo, usilegee." Akakata. Shikamoo labda aliikumbuka simu ikiwa imeshakatika, maana hatukuisikia. Lakini mama alikishika kitochi kile kifuani jioni nzima, na kesho yake alfajiri alikuwa uani anazunguka.

Hapo ndipo nilipoijua saa ile ujinga wake. Siku ya mgawo wa maji mama alibeba ndoo kichwani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mkono wa kushoto umeshika ndoo juu. Mkono haukupunga, saa ikaona mtu amekaa. Kaka akapiga jioni. "Mama, leo umeshinda umekaa tu, si vizuri." Mama akalitazama pipa limejaa mpaka mdomoni. "Nimekaa? Na haya maji yamejileta?" Lakini simu ilikuwa imeshakatwa. Siku nyingine alikaa kweli, amekalia mbuzi, anakuna nazi za shughuli ya jirani, mkono unakwenda mbele na nyuma, na saa ikarusha fataki. Nazi zilikuwa zimegeuka safari. Kaka akapiga, hongera mama.

Mama hakuwa mjinga. Toka siku hiyo akajitolea kumkunia nazi mama ntilie wa kona, bure, na mkono akaubadilisha. Alikuwa anakunia mkono wa kulia, akajifunza ukubwani kukunia wa kushoto ili fataki ziruke na kitochi kilie. Vidole vyote vilimchubuka. Nilimwambia, mama, unajichosha kwa sauti ya mtu ya kusema hongera tu? Akanijibu, "Wewe hujazaa, nyamaza." Ndiyo, sijazaa. Alijua pa kunipiga, na alinipiga kila alipotaka.

Usingizi ndo usiseme. Mama alikuwa akilala chali bila kujitikisa, macho makavu, anamuwazia mwanawe. Saa ikiona hajitikisi inasema amelala fofofo. Asubuhi kaka anatuma ujumbe, "Safi sana mama, usingizi mzuri." Na yeye mama macho yamemwiva kama aliyekata vitunguu.

Haki yake niipe lakini. Siku moja ameketi tu barazani, hafanyi kitu, saa ikaanza kutetemeka yenyewe. Kaka akapiga mbio mbio, moyo wa mama unakwenda kasi mno, nini kinaendelea? Nikamgusa mama, ananiambia hamna kitu, labda joto. Kaka akaagiza gari la kukodi huko huko aliko, likaja, nikampeleka hospitali. Daktari akasema vizuri mmemwahisha, presha imechachamaa, akampa dawa. Kwa hilo saa ile ilifanya kazi ambayo mie mwenye macho mawili nisingeifanya. Sifichi. Ila gari lilikuja, kaka hakuja. Mama alikuwa na dereva asiyemjua, na njia nzima anamsimulia kwamba mwanawe anamwona.

Basi ikaja harusi ya binti wa jirani, na mama ndiye aliyekuwa somo wa bibi harusi, mwenye kumfunda. Siku ya hina wanawake wamejaa uani kwao toka asubuhi, ngoma, vigelegele, na somo naye hachorwi nusu nusu. Binti mchoraji akamshika mama mikono yote miwili, akamzungushia viwiko vya mikono, pale panapofungwa saa, piko, ile rangi nyeusi tii, maua yameshikana hata ngozi haionekani. Piko ilipokauka, mama akasema nifungieni saa yangu, mwanangu asije akanipoteza. Wakamfungia juu ya piko. Baadaye wakampaka na hina viganjani na miguuni, akakaa na miguu ameinyoosha kwenye mkeka, anaimba.

Wale wanaozijua saa hizi wanajua kilichotokea. Chini kuna kitaa cha kijani, kinamulika ngozi kutafuta damu inavyopita. Weusi wa piko mwanga ule haupenyi. Kwenye simu ya kaka, mahali pa moyo wa mama, vikabaki vistari viwili vimelala. Akapiga kitochi, kiko ndani kwetu, sie tuko kwa jirani kwenye ngoma. Akapiga yangu, nani asikie? Akapiga, akapiga. Vistari viwili.

Mie nilisikia wanawake wanapiga kelele, "Mwanamume kaingia! Mwanamume!" Kila mtu anavuta mtandio. Kaka huyo, tai shingoni, jasho linamchuruzika, kiatu kimoja kimefunguka kamba, anaruka sinia za watu. Alipomwona mama amekaa anaimba, alidondoka pale pale kwenye mkeka, akalaza kichwa mapajani kwa mama, akalia. Mtu mzima, mbele ya wanawake wa watu, analia kwa kwikwi, "Mama, nilijua umekufa. Nilijua umekufa." Mama akasahau kwamba ana hina mbichi, akamkumbatia. Shati jeupe likabaki na viganja viwili vyekundu mgongoni.

Siku ile alikaa. Kwa mara ya kwanza toka baba afe, kaka alikaa mpaka giza likaingia. Alicheka wanawake walipomweleza habari ya piko, akavua tai. Pilau ilipoletwa mama hakuweza kushika tonge kwa hina, basi kaka akamlisha. Alilikanda tonge, akalipuliza, akamtia mama mdomoni, na mama anatafuna anamtazama. Mie nilishamlisha mama kila alipougua, na hakuwahi kunitazama hivyo. Niliona wivu, nasema kweli, nikaondoka kwenda kuosha masufuria.

Kaka alipoondoka mama aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe mpaka nife ndo aje."

Nikadhani ni mzaha.

Piko ikafifia, moyo ukarudi kwenye simu ya kaka, na kaka akatulia huko kwake na hongera zake. Ijumaa sahani, Jumamosi kiporo. Halafu siku moja nikamwona mama anatoka nyumba ya yule binti mchoraji, mikono ameinyoosha mbele ikauke. Hamna harusi, hamna Idi. Nikamuuliza, "Mama, we mjane wa miaka yote hii, piko ya nini?" Akanipita. Akaingia ndani, akavaa dera lake la zambarau, akaanza kupaka samaki tui. Kitochi kilipolia alikitazama jina, akakitia chini ya mto, akakalia mto. Yangu ilipolia akaninyang'anya mkononi, akakalia na hiyo.

Kaka alikuja kweli. Safari hii hakukimbia sana. Alisimama mlangoni, akamwona mama amejipamba, akaona sahani mbili zimefunikwa kawa, akaona piko. Akaja akamshika mkono, akasugua ile piko kwa kidole gumba, kwa nguvu, mama akauma midomo.

"Mama, umefanya makusudi."

"Kaa ule kwanza baba, njaa itakuwa inakuuma."

"Nimeacha watu wamekaa ofisini. Nimepita barabarani njia isiyo yangu, nimenusurika kugonga mtu. Unachezea kifo, mama? We mtu mzima hivi unachezea kifo?"

"Sichezi. Nilitaka uje."

Maneno hayo hakuyasikia, au aliyasikia akajitia hamnazo. Alipaza sauti mpaka majirani wakasogea dirishani. Alisema kuanzia leo akiona vistari atajua ni michoro, na hatapiga hata simu. Alisema ana familia yake ya kuangalia. Alisema mama amuonee haya marehemu baba, kujichora maua kama mwari. Nikashindwa kuvumilia, nikampa vidonge vyake. Nikamwambia we si mtoto, we ni mteja wa mama yako, umenunua saa ili usimguse. Nikamwambia shati lako lile la viganja vya hina mkeo alilitupa jalalani, na wewe ukanyamaza. Hilo nililibahatisha tu, lakini uso wake ulinionyesha kwamba nimepatia.

Kaka akatoka. Mama, badala ya kulia, akanigeukia mie. "Mwanangu usimseme. Umenifukuzia mgeni wangu." Akafunua sahani moja, akanisukumia. "Haya, kula, si ndo ulichokuwa unakitaka." Nikala, samaki wa moto kwa mara ya kwanza.

Ungedhani hapo ataacha. Wapi! Mama akawa anachorwa kila piko ikianza kufifia. Mtaa ukapata cha kusema. Bibi kapata bwana huyo, si bure. Mjukuu hana, kazi kujichora. Muuza mkaa akawa akimuona anaimba nyimbo za maharusi. Mama anapita kati yao mikono imenyooshwa, saa juu ya maua, hamjibu mtu. Nazi pia aliacha kukuna. Hatua hazitimii, kitochi hakilii, moyo hausomeki. Alikuwa amezima hongera zote ili amngoje mtu mzima mzima, na mtu haji. Nilipomwambia, mama, huyo keshakujua, haji ng'o, alijibu, "Ipo siku ataingiwa na wasiwasi." Alikuwa anaomba mwanawe apatwe na wasiwasi, kama wengine wanavyoomba riziki.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi, adhuhuri imeshaswaliwa. Mama yuko mkekani anachagua mchele, mie nashona. Nikasikia ungo unaanguka. Nilipogeuka ameshika kifua, jasho linamtoka usoni kama amemwagiwa maji, midomo imebadilika rangi. "Mwanangu, kifua kinanibana. Mkono mzito." Nikaitazama saa. Ile ile iliyokwenda mbio kumwita kaka siku ya presha, iliyotetemeka yenyewe kabla mama hajasema kitu, sasa imekaa kimya juu ya piko. Vistari viwili. Mama awe mzima asiye na neno, awe maiti, saa ingekuonyesha hivyo hivyo.

Nilimpigia kaka kwa sababu ofisini kwake mpaka kwetu si mbali, na ana gari. Mikono yangu ilikuwa imemshika mama, nikaiweka simu sakafuni, kwenye spika.

"Kaka, mama hali mbaya, njoo na gari."

"Nimeona. Vistari viwili toka Ijumaa. Niko kwenye kikao."

"Si piko! Moyo, kaka! Mama anakufa!"

Alivuta pumzi kwa kuchoka, nikamsikia. "Mwambie aoshe huo mkono. Nikiona moyo unapiga vibaya nakuja sasa hivi. Nisipouona, siji." Akakata.

Mama alikuwa ameyasikia yote. Macho yake yakatafuta beseni. "Niletee maji na sabuni," akasema.

"Mama, twende, naita bajaji."

"Niletee maji. Aone."

Sikumletea. Nikatoka mbio kusimamisha bajaji, na niliporudi nikamkuta amejiburuta mpaka kwenye mtungi, amevua saa, amemwaga maji kifuani kote, anajisugua kwa dodoki la kuogea. Anasugua, anapumzika, anasugua. Piko nzuri haitoki kwa sabuni, inatoka kwa siku. Ngozi ilikuwa imeanza kutoka, piko haijatoka. Nikamnyang'anya dodoki, nikamchapa mkono kama mtoto mtundu, mie na dereva tukambeba. Akaikamata ile saa, hakukubali kuiacha. Ndani ya bajaji ameilamba ncha ya kanga, anafuta, ananiambia nimfungie tena, nimfungie tuone. Nikamfungia ili anyamaze. Tulipofika kwenye mataa ya barabara kubwa bado anaitazama. Tulipoyavuka, alikuwa hatazami tena kitu.

Hospitali nesi alimshika mkono, akasogeza saa, akaweka vidole viwili pale pale juu ya maua meusi, akasikiliza, akanitikisia kichwa. Vidole tu. Vidole havina shida na piko, vingeyasikia mapigo hata kama yangekuwa madogo vipi. Na kaka ana vidole kumi.

Alikuja, bila shaka alikuja. Alipiga ukelele mlangoni mpaka wakamshika wanaume watatu. Sikumgusa. Waliomuosha mama walijitahidi kumsafisha mikono kwa upole, wakaniita, mwenyewe njoo, hii haitoki. Nikawaambia muacheni nayo, aliitafuta mwenyewe. Alizikwa kesho yake na maua yake, na pale alipojisugua pamechubuka.

Saa niliifuta, nikamkabidhi kaka mbele ya wanaume, jeneza liko tayari uani. "Chukua saa yako." Nilitaka kumuumiza, na nilipaona pa kumuumiza. Aliipokea, hakujua aiweke wapi, akaivaa. Halafu wakalibeba jeneza. Sie wanawake makaburini hatuendi, tulibaki tukiwasikia wanaondoka na dhikri, miguu inakwenda kasi, wanapokezana. Walionisimulia baadaye wamesema kaka alikataa gari, alitembea njia yote, kwenda na kurudi, na kaburini hakumpa mtu jembe. Alijaza udongo mpaka mwisho.

Waliporudi alikuja chumbani kwa mama tulikokaa wanawake. Kanzu imejaa mchanga, macho yamevimba. Alikaa kizingitini, hakuthubutu kuingia. Akaniambia taratibu, "Dada, nisamehe." Nikamtazama tu. Akawa anakung'uta mchanga wa kanzu kwa mkono ule ule wa saa.

Ndipo simu ya kabatini ikapiga wimbo wake.

Mkononi kwake saa ikatetemeka. Alishtuka, akainua mkono, na mie nilikuwa karibu, nikaona. Fataki. Nyekundu, kijani, njano, zinaruka kwenye kile kioo kidogo. Akatoa simu yake mfukoni, nayo imewaka, hongera kubwa katikati, na juu yake lile jina aliloliandika mwenyewe siku ya Idi, Mama. Mama amefikisha lengo la leo.

Aliikodolea macho simu. Kitochi cha mama kilikuwa mapajani kwangu, nilikishika toka jana sijui nakishikia nini. Nikakiweka mkekani, katikati yetu.

"Mpigie basi," nikamwambia. "Si huwa unampigia akifikisha?"